Yai la Kuuza, Yai la Kukaanga: Wafeministi wa Ufaransa na Hoja ya Maumbile

Chukua mke wa mkulima katika kijiji cha Ufaransa, miaka ya 1960. Asubuhi anaokota mayai bandani. Mengine yanakwenda sokoni, mengine yanabaki jikoni. Ya sokoni ni mazao, hakuna anayebisha. Hata yaliyobaki jikoni wataalamu wa takwimu huyapa thamani, kwa kuwa mazao ya shamba yanayoliwa nyumbani nayo huhesabiwa katika uzalishaji. Lakini mwanamke huyo akishika kikaango tu, hesabu inakoma. Yai ni lilelile na mikono ni ileile, ila kati ya banda na jiko kazi imepata jina jingine: upendo, wajibu, silika ya mama.

Mfano wa yai ni wangu. Christine Delphy, mwanasosholojia aliyezaliwa mwaka 1941, alitumia nafaka na nguruwe katika makala yake ya mwaka 1970, iliyotoka katika toleo maalumu la jarida la Partisans lenye kichwa “Ukombozi wa wanawake, mwaka sifuri”. Aliitia sahihi kwa jina la Christine Dupont na kuiita “L'ennemi principal”, adui mkuu. Nitakaa nayo kidogo, kwa sababu inauliza swali ambalo wengi wetu, wake kwa waume, tunaliruka: ni nini hasa kinachoifanya kazi ya nyumbani isilipwe?

Jibu tulilozoea ni kwamba kazi hiyo yenyewe ni ya namna yake, haina soko, haizalishi kitu. Delphy alikuwa amechunguza jinsi mali inavyorithishwa katika familia za Ufaransa, hasa za wakulima, na huko alikuta mambo yanayoliangusha jibu hilo. Mke wa mkulima hakuwa akipika tu. Alikamua ng'ombe, alilisha kuku, alivuna, na mazao ya mikono yake yaliuzwa kwa fedha taslimu zilizoingia mfukoni mwa mume. Wadogo wa kiume na dada wasioolewa waliobaki kwenye shamba la kaka aliyerithi nao walifanya kazi miaka nenda miaka rudi bila ujira. Hapo hakuna sufuria wala mtoto wa kubembelezwa, na bado kazi hailipwi. Basi aina ya kazi si kitu. Kinachoamua ni nani anaifanya na anamfanyia nani. Mwanamke akiwafulia watu wa mtaa wa pili, atadai fedha yake na atapewa. Akimfulia mumewe, hakuna deni.

Kutoka hapo Delphy alisema kwamba Ufaransa ya wakati wake ilikuwa na mifumo miwili ya uzalishaji mali ikienda sambamba. Katika ule wa kiwandani mfanyakazi huuza nguvu zake kwa ujira. Katika ule wa kaya nguvu za mke hutwaliwa na mume, naye hupewa matunzo. Na matunzo si ujira. Ujira una bei, na anayefanya kazi zaidi anaweza kudai zaidi. Matunzo hufuata uwezo wa mume. Mke wa tajiri, mwenye mtumishi wa kumpikia, hutunzwa vizuri kuliko mke wa mkulima anayeamka alfajiri. Nimesoma hoja nyingi kuhusu ndoa na uchumi, na hii naiona bado kali kuliko zote, maana yeyote anaweza kuipima kwa kuangalia nyumba mbili za mtaa wake.

Huo ndio uyakinifu: unaanza na kazi, mali na chakula, na nani anamiliki nini, kisha unayatafuta mawazo yanayofuata nyuma yake. Delphy aliuchukua kwa Karl Marx na kuwageuzia waliojiona warithi wa Marx, wanaume wa mrengo wa kushoto waliowaambia wanawake kwamba adui ni bepari na kwamba ya kwao yangoje mapinduzi. Sheria yenyewe ilikuwa shahidi wake. Kanuni ya Napoléon, yaani sheria ya kiraia ya mwaka 1804, iliandika kwamba mume anawiwa na mkewe utii, na neno hilo liliondolewa mwaka 1938. Wanawake wa Ufaransa walipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1945. Hadi sheria ya 13 Julai 1965, mume aliweza kumzuia mkewe asifanye kazi ya kulipwa. Mtu anayeweza kumzuia mwingine asiuze nguvu zake anadai kuwa nguvu hizo ni zake. Ningependa kuona mtu akilieleza hilo kwa homoni.

Tarehe 26 Agosti 1970 Delphy na wenzake wachache, akiwamo mwandishi Monique Wittig, walipeleka shada la maua kwenye kaburi la askari asiyejulikana jijini Paris. Walikuwa wameandika kwamba kuna asiyejulikana zaidi ya askari huyo, naye ni mkewe. Polisi waliwazuia. Magazeti yalifanya tukio hilo kuwa siku ya kuzaliwa kwa vuguvugu la wanawake, ingawa vikundi vilikuwa vimeshaanza kukutana miaka kadhaa kabla.

Mwanafalsafa Simone de Beauvoir alikuwa amekwisha kusema, katika kitabu chake cha mwaka 1949, Le Deuxième Sexe, kwamba mtu hazaliwi mwanamke bali huwa mwanamke. Sentensi hiyo imerudiwa mno hata watu wamesahau kwamba katika kitabu kilekile mwili bado una uzito wa kwake mwenyewe: hedhi, mimba na kunyonyesha vinaonekana kama minyororo iliyokuwapo kabla jamii haijaongeza ya kwake. Waliokuja baada yake, Delphy akiwamo, hawakuridhika na nusu ya njia. Mwaka 1977 walianzisha jarida la Questions féministes, Beauvoir mwenyewe akiwa mkurugenzi wake, na wakatangaza kwamba wataipinga hoja ya maumbile, yaani dai kwamba mwili ndio unaoamua nafasi ya mtu, katika sura zake zote, hata inapokuja kumsifu mwanamke. Kwa maana upande wa pili wa Paris, kundi la Antoinette Fouque lilikuwa likitukuza tofauti: tumbo la uzazi, lugha ya kike, hekima ya mwili. Maneno matamu, lakini mikononi mwao hoja ilibaki ileile, kwamba mwanamke yuko alivyo kwa sababu ya alivyoumbwa.

Katika kundi la jarida hilo, aliyefika mbali zaidi kwa maoni yangu ni Colette Guillaumin, mwanasosholojia aliyefariki mwaka 2017. Hakuanza na wanawake. Kitabu chake cha mwaka 1972 kilihusu itikadi ya ubaguzi wa rangi, na swali lake lilikuwa la mpangilio: kipi kilitangulia, utumwa au wazo la mbari, yaani la kuwagawa watu kwa rangi? Akajibu kwamba utumwa ulitangulia. Watu hawakutiwa minyororo kwa kuwa rangi yao ilionekana alama ya uduni. Rangi ilifanywa alama baada ya minyororo kuwa mfumo. Historia ya pwani yetu inamuunga mkono. Tarehe 14 Septemba 1776 mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20, sarafu za fedha, kwa kila kichwa. Walikuwa wa kupelekwa Ile de France, ambayo leo ni Mauritius, na Bourbon, ambayo leo ni Réunion. Idadi na bei. Tangu mwaka 1685 sheria ya Ufaransa kwa makoloni ya Karibi ilikuwa imewaandika watumwa kuwa mali inayohamishika, na mwaka 1723 sheria ya namna hiyo ikatolewa kwa visiwa hivi vya Bahari ya Hindi. Wanasayansi wa kupima mafuvu ya vichwa walistawi karne iliyofuata, wakaeleza kwa maumbile kile ambacho mkataba ulikuwa umeshakifanya kwa kalamu.

Mwaka 1978 Guillaumin aliihamishia hoja hiyo kwa wanawake, katika makala mbili kuhusu matendo ya mamlaka na wazo la maumbile. Alihitaji neno ambalo Kifaransa hakikuwa nalo, akaliunda: sexage, kwa mfano wa esclavage, utumwa, na servage, ile hali ya mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana wake. Maana yake ni kwamba kinachochukuliwa si saa nane za kazi zenye kipimo, bali mtu mwenyewe. Alionyesha njia nne. Muda wa mwanamke hauna mpaka katika mkataba wa ndoa. Mazao ya mwili wake, yaani watoto, yana mwenyewe. Tendo la ndoa ni deni. Na wasiojiweza, wagonjwa, wazee na wachanga huangukia mikononi mwake bila mtu kuuliza. Hata asiye na mume hakuepuka, kwani binti aliyebaki kwa wazazi na mtawa wa hospitali walitoa huduma zilezile kwa jamii nzima ya wanaume. Baada ya hayo yote huja wazo: anayetumiwa kama kitu huanza kuonekana kitu cha asili, mwenye silika badala ya nia. Anayemtumia hana silika, ana historia, ana utamaduni. Tangu nimsome Guillaumin, nikisikia mtu akielezwa kwa maumbile, sikio langu hutafuta kwanza anamfanyia nani kazi.

Kiswahili kilinisaidia kumwelewa. Kwa Kifaransa mume na mke hutumia kitenzi kimoja cha kufunga ndoa. Kwetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kuna mtenda na kuna mtendwa, na mwanamke akisema “nimemuoa fulani” waliokaa barazani watageuza shingo. Hapa pia ndipo ninapotofautiana kidogo na Wittig. Aliandika kwamba jinsia katika lugha, hasa katika viwakilishi vya nafsi, ni alama ya kisiasa iliyopigwa juu ya watu, na katika riwaya zake alivipindua viwakilishi hivyo kwa ustadi mkubwa. Mwaka 1980 akafikisha hoja mwisho wake: kama “mwanamke” ni jina la nafasi katika uhusiano na mwanamume, basi mwanamke anayewapenda wanawake na kuishi nje ya uhusiano huo si mwanamke. Ni sentensi inayoshtua, lakini ukishakubali kwamba uhusiano hutangulia, ni vigumu kuikwepa. Ila sisi tuna “yeye” mmoja kwa wote, hatuna alama ile aliyoitaka ing'olewe, na bado kumilikiwa kumepata makazi katika kauli ya kutendwa. Lugha si mzizi. Iking'olewa alama moja, uhusiano utajiandikia mahali pengine.

Paola Tabet, mwanaanthropolojia wa Italia aliyechapisha kwa Kifaransa, alikwenda kwenye vitu vya kushikika kabisa: zana. Katika uchunguzi wake wa mwaka 1979 alipitia taarifa za jamii nyingi za dunia na kuonyesha kwamba wanawake hawakuachiwa kazi nyepesi, bali kazi za mikono mitupu au za zana duni, huku silaha na zana ngumu zikihodhiwa na wanaume. Asiyekuwa na silaha wala mashine hutegemea aliye nazo. Udhaifu wa mwili hauelezi hilo. Mwanamke hubeba ndoo ya lita 20 kichwani kwa miaka, na siku mkokoteni au pikipiki inapofika kijijini, maji yaleyale yanakuwa biashara ya kijana wa kiume.

Mwaka 1980 kundi la Questions féministes lilivunjika. Sababu ilikuwa swali lililotokana na hoja zao wenyewe: ikiwa ndoa ni utwaaji, je, mwanamke anayeishi na mwanamume anashirikiana na adui? Baadhi walijibu ndiyo. Delphy alikataa, jarida likafungwa, na mwaka 1981 yeye, Beauvoir na wengine wakaanza Nouvelles Questions Féministes. Naamini Delphy alikuwa sahihi. Ukishasema kwamba ni mfumo, huwezi kumgeukia mwanamke mmojammoja na kumdai toba kwa sababu amependa au amezaa.

Wakati huohuo vyuo vikuu vya Marekani vilikuwa vikitengeneza “ufeministi wa Kifaransa” wa kwao, wenye majina ya Julia Kristeva, Hélène Cixous na Luce Irigaray. Delphy alilalamika miaka ya 1990 kwamba huo ulikuwa uvumbuzi wa Wamarekani, uliowafuta waliokuwa wakipigana barabarani. Msomaji wetu aliyepitia darasa la nadharia ya fasihi huenda amekutana na Kristeva na hajawahi kusikia jina la Guillaumin. Ni hasara, maana Guillaumin ndiye anayeongea na historia yetu.

Lakini nami nina ugomvi na fikra hii, na ugomvi wangu uko Réunion. Mwaka 1970, mwaka uleule ulioitwa sifuri, iligunduliwa kwamba katika kliniki moja ya mji wa Saint-Benoît kisiwani humo maelfu ya wanawake maskini walikuwa wametolewa mimba bila ridhaa yao, baadhi wakafungwa kizazi, na bima ya serikali ikalipa. Tarehe 5 Aprili 1971, kule Paris, wanawake 343, Beauvoir na Delphy wakiwamo, walitangaza kwa ujasiri kwamba wamewahi kutoa mimba, kosa la jinai wakati huo, wakadai haki hiyo iwe ya wote. Wanawake wa Réunion hawakuwa katika picha. Françoise Vergès, aliyekulia kisiwani humo, aliandika kitabu kizima mwaka 2017 kuuliza kwa nini.

Angalia jambo lenyewe lilivyokaa. Dola moja, sheria moja, tumbo la uzazi lilelile: Paris linakatazwa kutoa mimba, Saint-Benoît linalazimishwa. Sijui ushahidi ulio wazi zaidi kwamba maumbile hayaamui lolote hapa. Ulikuwa mlangoni mwa nadharia hii, nayo haikuufungua mlango. Delphy alipozungumza juu ya wanawake kama tabaka moja, macho yake yalikuwa kwenye kaya ya Mfaransa mweupe. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1981 ofisi ya serikali iliyoitwa BUMIDOM iliwasafirisha watu wa Réunion na visiwa vya Karibi kwenda kufanya kazi Ufaransa, na wanawake wengi kati yao waliishia kufagia nyumba za wengine. Mume katika nyumba hizo hakushika ufagio, ni kweli, lakini mke naye alikuwa ameupokeza kwa mwanamke mwingine. Guillaumin alikuwa na zana za kuliona hilo, kwani mbari na jinsia kwake vilikuwa na mtambo mmoja. Vuguvugu halikuzitumia, na deni hilo halijalipwa.

Delphy mwenyewe alijisahihisha baadaye, na kwa gharama. Bunge la Ufaransa lilipopitisha sheria ya 15 Machi 2004 iliyowazuia wasichana Waislamu kuvaa hijabu katika shule za umma, wafeministi wengi waliishangilia. Yeye aliipinga. Alisema kwamba kumwokoa mwanamke dhidi ya mwanamume wa jamii yake kwa kumfukuza shule ni ubaguzi wa rangi uliovaa joho la haki za wanawake. Wenzake wa zamani walimwona msaliti. Mimi naona hapo uyakinifu wake ulifanya kazi yake: aliuliza nani anapoteza shule, nani anapata nguvu.

Nicole-Claude Mathieu sijamgusa, na ndiye ninayemfikiria zaidi siku hizi. Mwanaanthropolojia huyu aliandika mwaka 1985 insha ambayo kichwa chake kinaweza kusemwa hivi kwa Kiswahili: kusalimu amri si kuridhia. Alikuwa akiwajibu waliodai kwamba utawala wa wanaume hudumu kwa sababu wanawake wenyewe wanaukubali. Ili mtu aridhie, alisema, lazima ajue anachoridhia na awe na pengine pa kwenda. Anayelala saa chache, anayekula mwisho, ambaye akili yake yote imeshikwa na mtoto, maji na kuni, hana nafasi hata ya kulifikiri jambo analodaiwa kulikubali. Msomaji wa pwani ataukumbuka hapa ukimya wa mwari mbele ya walii wake, yule mlezi anayemwoza, unaohesabiwa kuwa idhini. Mathieu angetaka kujua kwanza mwari huyo angekwenda wapi kama angesema hapana.

Sheria ya Ufaransa imechukua miaka 40 kumfikia. Tarehe 23 Januari 2025 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliitia hatiani Ufaransa, kwa sababu mahakama zake zilimpa mwanamke lawama yote ya talaka kwa kuwa alikuwa ameacha kulala na mumewe. Lile deni la tendo la ndoa alilolitaja Guillaumin, likiwa bado hai katika hukumu. Mwezi mmoja kabla, mjini Avignon, wanaume 51 walitiwa hatiani katika kesi ya mke aliyeleweshwa dawa na mumewe kwa miaka mingi ili wengine wambake, na baadhi yao walijitetea kwamba walidhani idhini ya mume inatosha. Novemba 2025 ridhaa iliandikwa katika sheria ya ubakaji: iwe huru, itolewe kabla, iweze kuondolewa, na isichukuliwe kuwa ipo kwa sababu tu mtu amenyamaza. Neno “huru” limeandikwa bila kusema lolote kuhusu nani ana jina lake kwenye hati ya nyumba wanamoishi wawili hao.